Nyumba kwanza, kibali baadaye: Hesabu inayomsubiri mjenzi wa Bukiriro

KWA familia nyingi za Bukiriro, kata iliyomo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, ujenzi wa nyumba hauanzii ofisini. Huanzia shambani, pale udongo wa kufyatulia tofali unapochimbwa, na huendelea kwa miaka kadiri mavuno ya kahawa, ndizi na maharage yanavyoruhusu. Msimu mmoja ni msingi, mwingine ni kuta, na mwingine ni mabati.

Katika mlolongo huo mrefu, karatasi yenye mhuri inayomruhusu mwananchi kujenga haimo. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kinachojengwa, majirani wanaijua mipaka, na fundi anajulikana kijiji kizima. Kwa desturi, hilo linatosha.

Kwa sheria, hasa pale kijiji kinapogeuka kuwa mji, halitoshi. Mpangilio wa sheria ni kinyume cha ule wa desturi: mpango hutangulia, kibali hufuata, na tofali la kwanza huja mwisho. Tofauti kati ya mipangilio hiyo miwili haionekani siku nyumba inapojengwa. Huonekana miaka kumi au ishirini baadaye, pale barabara inapopanuliwa, mgodi unapofunguliwa au mamlaka ya mji inapofika na ramani yake.

Siku hiyo huulizwa swali moja tu: nani aliruhusu nyumba hii iwepo hapa? Asiye na jibu la maandishi ndiye hubeba hasara. Swali ambalo huulizwa mara chache zaidi ni hili: je, wakati nyumba inajengwa, palikuwa na mpango wowote ambao mwananchi huyo angeweza kuufuata?

Suala hili haliwahusu wakazi wa vijijini peke yao. Mjenzi wa Bukiriro mara nyingi yuko Mwanza, Bukoba au Dar es Salaam, akituma fedha kidogo kidogo kwa kaka yake anayesimamia mafundi. Mtu huyo huyo ambaye mjini asingethubutu kununua kiwanja bila kuuliza habari za upimaji, kijijini huamini kuwa ardhi ya wazee haihitaji kuulizwa lolote.

Sheria zinasemaje

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, inayowajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na hata asipokuwa nayo, haki yake ya kimila inatambuliwa. Miongoni mwa masharti ya haki hiyo ni kupata ruhusa yoyote inayotakiwa kabla ya kuinua jengo. Sharti hilo limo ndani ya sheria, lakini vijijini halina mlinzi.

Kwa upande wa miji, msingi ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi ya ukoloni ya mwaka 1956. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi iliyomo katika eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya mipango. Neno kuendeleza halina maana ya kujenga peke yake. Kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa baa, duka au gereji nako ni kuendeleza.

Hapa ndipo wananchi wengi huchanganya mambo mawili. Kibali cha mipango hujibu swali la mahali: je, eneo hili limetengwa kwa makazi, au ni la shule, soko, barabara, makaburi? Kibali cha ujenzi hujibu swali la jengo lenyewe: je, ramani yake ni salama, msingi unafaa, choo kiko mbali na kisima, jirani hazibiwi njia? Mtu anaweza kuwa na nyumba imara iliyojengwa mahali pasiporuhusiwa, au nyumba mbovu iliyojengwa mahali sahihi. Sheria inataka yote mawili yawe sawa.

Katika mwaka huo huo wa 2007 ilipitishwa pia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, ambayo inatoa utaratibu wa vijiji kujiwekea mipango yao: wapi palimwe, wapi palishwe mifugo, wapi pahifadhiwe na wapi pajengwe. Kwa maneno mengine, kijiji nacho kinatakiwa kuwa na ramani yake. Lakini kati ya vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara, vingi bado havina mpango huo. Kukosekana kwake ndiko kunakogeuza mjadala wa vibali kuwa mjadala usio na mguu wa kusimamia.

Mji huanza kabla ya kutangazwa

Waziri mwenye dhamana ya mipango miji ndiye hutangaza eneo fulani kuwa eneo la mipango, na tangazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwa karatasi, mji huzaliwa siku hiyo. Kwa uhalisia, mji huwa umekwishazaliwa zamani.

Wilaya ya Ngara ina mfano unaojulikana dunia nzima. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa takriban saa 24. Eneo la Benaco likageuka ghafla kuwa kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania wakati huo. Hapakuwa na mpango wa mji, na katika dharura ile hakuna aliyetarajia uwepo.

Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, lakini Benaco haikufutika. Leo ni kituo cha biashara katika barabara ya kwenda Rusumo, mahali malori ya mizigo ya Rwanda yanapopumzika, na penye maduka, nyumba za wageni na migahawa. Biashara ndiyo iliyopanga nyumba, kila mmoja akisogea karibu na lami kadiri alivyoweza.

Mwenendo huo huo, kwa kasi ndogo zaidi, unaonekana katika vituo vingine vya barabara ya Lusahunga hadi Rusumo. Nyakahura na Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni vijiji vilivyovutwa na barabara. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyozinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, viliongeza mvuto huo. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, umeongeza mwingine.

Kata zilizo kando ya mkondo huo, Bukiriro ikiwamo, haziko nje ya historia hii. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, idadi ya watu mkoani Kagera iliongezeka kutoka 2,458,023 hadi 2,989,299. Watu zaidi ya nusu milioni walioongezeka wanahitaji mahali pa kulala, na ardhi ya mkoa haikuongezeka hata hatua moja. Mashamba hugawanywa kwa watoto, watoto hujenga, na kilichokuwa shamba la migomba huwa mtaa bila mtu yeyote kuamua kuwa uwe mtaa.

Gharama ya kutokuwa na karatasi

Hasara ya kwanza ni ile inayojulikana zaidi: alama ya X. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyojengwa kihalali mita 25 kutoka katikati ya barabara kabla ya sheria hiyo ilijikuta ndani ya hifadhi bila kusogea.

Katika hali hiyo, aliyekuwapo kihalali kabla ya upanuzi ana haki ya kudai fidia kwa ile sehemu iliyoongezwa. Aliyejenga baadaye, au aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, hana. Kati ya watu hao wawili, kinachotofautisha ni tarehe, na tarehe huthibitishwa kwa maandishi. Nyumba isiyo na kibali, hati wala muhtasari wa kikao cha kijiji haina siku yake ya kuzaliwa.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalikumbuka somo hili kwa machungu. Mwaka 2017, mamia ya nyumba kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Nyingi zilikuwa na umeme na maji, na baadhi ya wenyewe walikuwa wameishi hapo kwa miongo kadhaa. Huduma hizo waliziona kama uthibitisho kwamba Serikali inawatambua. Hazikuwa uthibitisho huo.

Mkanganyiko huu hauwezi kulaumiwa kwa mwananchi peke yake. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, ikianzia Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa hadi Sh1,500 mwaka 2023. Mfumo huo hauulizi kama nyumba ina kibali. Mwananchi anayekatwa kodi ya jengo kila mwezi ana kila sababu ya kuamini kwamba jengo lake ni halali mbele ya anayemkata.

Hasara ya pili inahusu miradi mikubwa. Ngara ndiyo wilaya yenye akiba kubwa ya nikeli ya Kabanga, ambayo Serikali iliingia makubaliano ya kuiendeleza Januari 2021 na kutoa leseni maalumu ya uchimbaji kupitia kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mradi wa aina hiyo huambatana na uthamini na kuhamisha watu.

Kanuni za fidia zinatambua thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, gharama za makazi ya muda na hasara ya faida. Lakini kuna mstari usioonekana kwa macho: tarehe ya uthamini. Kilichojengwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi.

Mstari huo uliwekwa kwa sababu. Wakazi wa Nyamongo, wilayani Tarime, wanalijua vyema neno tegesha, yaani nyumba zinazoinuliwa haraka haraka katika eneo linalotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, si kwa ajili ya kuishi bali kwa ajili ya kulipwa. Tegesha imeharibu majadiliano ya fidia, kwa kuwa kila nyumba mpya hutazamwa kwa shaka.

Waathirika wakubwa wa shaka hiyo ni wajenzi wa kweli, wale wanaojenga polepole. Mtu aliyeweka msingi miaka sita iliyopita na kuinua kuta mwaka huu anafanana kabisa, machoni pa mthamini, na aliyekuja na lori la tofali wiki iliyopita. Kibali chenye tarehe kingewatenganisha. Bila hicho, mwaminifu na mlaghai wanasimama mstari mmoja.

Haki haifi kwa kukosa mhuri

Pamoja na hayo yote, ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba asiye na kibali hana haki. Mahakama ya Rufani ilikwishatoa mwongozo Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Chanzo chake kilikuwa ardhi iliyochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa na lengo la kuzifuta haki za kimila za walioipoteza.

Mahakama ilisema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Ilisema pia kuwa jasho la mtu juu ya ardhi linaipa ardhi hiyo thamani inayostahili kulipwa. Kwa mkazi wa Bukiriro mwenye shamba la wazazi wake, hiyo ni ngao muhimu.

Lakini ngao hiyo inalinda zaidi ardhi kuliko uamuzi wa kujenga. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango, mwenye haki ya kimila hana uhuru wa kujenga apendavyo, na jengo jipya lisilo na kibali linaweza kuamriwa kubomolewa kwa gharama ya mwenyewe. Haki ya kuwapo na ruhusa ya kujenga ni vitu viwili, na wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa mbele ya tingatinga.

Si suala la fidia tu

Kagera ina sababu ya pekee ya kutazama vibali kwa jicho jingine. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa huo, likaua watu wasiopungua 16 na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba, hasa katika maeneo ya Bukoba na Missenyi. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kufungwa.

Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa kwa viwango vya dunia. Kilichoua kilikuwa kuta. Nyumba za tofali za udongo zisizo na mkanda wa zege juu ya madirisha, zisizofungwa katika kona na zenye paa lililopachikwa tu juu ya ukuta, hazina cha kuzishikilia ardhi inapotikisika. Marekebisho yanayohitajika ni madogo: nondo chache, lenta inayozunguka nyumba nzima, tofali zinazopishana vizuri kwenye kona. Mhandisi anayepitia ramani kabla ya ujenzi angeyaona kwa dakika chache. Baada ya ujenzi ni vigumu kuyaongeza.

Kwa upande mwingine, Dar es Salaam inaonyesha kuwa karatasi pekee haitoshi. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013 na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa katikati ya jiji, mbele ya mamlaka zote. Jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilikuwa katika eneo la biashara linalojulikana kuliko yote nchini. Kibali kisichofuatwa na mkaguzi anayerudi kutazama msingi, nguzo na dari ni risiti tu.

Kwa nini wananchi hawaombi

Wanaoulaumu umma kwa kutofuata sheria hawana budi kutazama safari ya mwombaji. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na uthibitisho wa umiliki, ramani ya kiwanja kilichopimwa, michoro ya nyumba iliyochorwa na mtaalamu, na kwa nyumba ya ghorofa michoro ya uhandisi. Ombi hupita kwa ofisa mipango miji, mhandisi, ofisa afya na wengineo kabla ya kufikia uamuzi.

Sharti la kwanza tu linamwangusha mwanakijiji. Shamba lake halijapimwa, hivyo halina ramani ya kiwanja, na lisilo na ramani haliwezi kuombewa kibali. Kumwambia akapime mwenyewe ni kumtaka alipe gharama inayoweza kuzidi ya mabati ya nyumba nzima. Kumtaka alete michoro ya msanifu aliyesajiliwa, katika wilaya ambamo wasanifu wa aina hiyo ni nadra, ni kumtuma Mwanza au Bukoba kutafuta karatasi ya nyumba ya vyumba vitatu.

Serikali imejaribu kupunguza mzigo huo. Mfumo wa kielektroniki wa TAUSI, unaosimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, umewezesha maombi ya vibali vya ujenzi kupokelewa kwa njia ya mtandao, na hivyo kupunguza foleni na mianya ya rushwa. Hata hivyo, mfumo wa kompyuta hauwezi kutoa jibu kuhusu eneo ambalo halina mpango. Unaharakisha foleni ya waliokwishafika mlangoni, wala haumsaidii aliyeko nje ya ukuta.

Matokeo ni kwamba nchi hujenga kwanza na kurasimisha baadaye. Dar es Salaam, ambako inakadiriwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika makazi yasiyopangwa, ni ushahidi wa gharama hiyo. Mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, leseni za makazi, na programu za urasimishaji zilizofuata zote zimekuwa zikikimbizana na nyumba zilizokwishajengwa. Kupitisha barabara katikati ya mtaa uliojaa ni ghali mara nyingi zaidi kuliko kuacha nafasi yake pakiwa bado shamba.

Ng'ambo ya mto

Mkazi wa Ngara hahitaji kwenda mbali kuona njia nyingine. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilipitisha mwishoni mwa mwaka 1996 sera ya kukusanya makazi ya vijijini katika maeneo maalumu yanayoitwa imidugudu. Baadaye, kati ya mwaka 2009 na 2013, ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi nchi nzima. Huko, kujenga nje ya eneo lililotengwa kwa makazi ni kosa linaloshughulikiwa na uongozi wa ngazi ya chini kabisa.

Mfumo huo una faida: barabara, maji na umeme hufika kwa watu waliokaa pamoja, na shamba hubaki shamba. Una gharama pia, kwani katika miaka ya mwanzo walikuwapo waliohamishwa bila hiari na waliotenganishwa na mashamba yao. Tanzania, iliyopitia Operesheni Vijiji, inaijua gharama hiyo na haina sababu ya kuirudia.

Funzo linalofaa kuvushwa Rusumo ni dogo zaidi. Rwanda ilisajili ardhi kwanza, kisha ikadai vibali. Tanzania vijijini inaelekea kudai vibali kabla ya kumwonyesha mwananchi ramani.

Kinachowezekana

Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, lililozinduliwa Machi 2025, pamoja na mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 150, vimefungua nafasi ya kulitazama upya suala hili. Swali ni wapi pa kuanzia.

Kwa kata kama Bukiriro, mwanzo wenye mantiki ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji, unaopitishwa na mkutano mkuu na kubandikwa mahali pa wazi. Mpango huo hauhitaji kuwa na rangi nyingi. Unahitaji kuonyesha barabara zitakapopita na upana wake, eneo la shule na zahanati ya baadaye, vyanzo vya maji ambavyo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwavyo, na maeneo ya makazi.

Pakiwa na mpango, kibali kinaweza kuwa kitu chepesi. Kwa nyumba ya chini ya kuishi familia moja, halmashauri ya wilaya ingeweza kuandaa michoro michache ya mfano, yenye lenta na nondo zinazofaa kwa mkoa wa matetemeko, na kuigawa bure katika ofisi za kata. Mjenzi angechagua mmoja, mtendaji wa kijiji angethibitisha mahali, fundi sanifu wa wilaya angekagua msingi na lenta, na tarehe ingeandikwa. Ukali wa masharti ungebaki kwa maghorofa, mabweni, nyumba za ibada na vituo vya mafuta.

Utaratibu huo pia ungemlinda Serikali yenyewe. Rejesta ya kijiji yenye tarehe za ujenzi ndiyo silaha nafuu kuliko zote dhidi ya tegesha, kwa kuwa inamtambua aliyekuwapo kabla ya habari za mradi kuenea.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayejenga leo ana hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Anaweza kuomba uamuzi wa halmashauri ya kijiji kuhusu ardhi yake uandikwe katika muhtasari na apewe nakala. Anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Anaweza kuuliza ofisi ya TANROADS kuhusu hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kuhusu barabara za wilaya, kabla ya kuchimba msingi. Anaweza kuuliza wilayani kama eneo lake limetangazwa au linakusudiwa kutangazwa kuwa la mipango. Na anaweza kutunza risiti za saruji na mabati, ambazo zina tarehe hata pale nyumba isipokuwa nayo.

Hatua hizo hazina uzito wa kibali, lakini ni maandishi, na katika migogoro ya ardhi maandishi ndiyo huanza kusikilizwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini. Mengi ya hayo yalijengwa kwa fedha za wenyewe, bila mkopo wa benki, kwa akiba ya maisha nzima. Hakuna mpango wa Serikali uliowahi kujenga nyumba nyingi kiasi hicho. Nguvu hiyo ya wananchi haiwezi kuzuiwa kwa amri, na hakuna sababu ya kuizuia. Inachohitaji ni kuonyeshwa mstari mapema, wakati kuusogeza msingi kwa mita tano bado ni kazi ya asubuhi moja.

Bukiriro bado iko katika wakati huo. Sehemu kubwa ya ardhi yake bado ni shamba, na mistari ya barabara zake za kesho bado inaweza kuchorwa bila kubomoa ukuta wa mtu. Gharama ya kuichora sasa ni vikao vya kijiji na siku chache za mpima ardhi. Gharama ya kuichora baada ya miaka 20 wakazi wa Kimara wanaweza kuieleza.